Kiini Kipya, Vyombo vya Zamani

Jumamosi, 6 Juni

Nimewasha jenereta ya kituo chetu cha redio, nimefukuza kuku wa jirani mlangoni. Wiki nzima mashine yetu ya kompyuta imekuwa ikijipikia mfumo endeshi mpya kutoka kwenye msimbo wake, ule ulioletwa kwa CD kutoka Kampala. Leo nimeweka kiini kipya cha mfumo huo, nikaizima mashine, nikaiwasha. Imeamka. Nimefurahi kama mjinga.

Hapohapo mkuu wa avenue, yaani mtaa wetu, akapiga filimbi ya salongo. Usafi wa Jumamosi haumwachi mtu ndani, hata fundi wa redio. Nimeshika jembe, tumezibua mtaro mpaka mgongo ukakataa. Niliporudi mashine ilikuwa inapiga muziki vizuri tu. Nimefunga mlango, nimekwenda zangu.

Jumatatu, 8 Juni

Mashine ina kiburi. Muziki inapiga, lakini amri ya kuonyesha kazi zinazoendelea inakataa. Inasema vipimo havilingani. Amri ya kuonyesha kumbukumbu, vilevile. Na bila jibu la amri ile, programu ya kupokea sauti kutoka mji wa Aru haianzi.

Sauti hizo ni za watu waliopoteana na ndugu zao wakati wa vita. Wenzetu wa Aru wanawarekodi, sisi tunawatangaza jioni. Jioni hii tumetangaza kwaya tupu. Directeur, mkubwa wetu wa redio, amenuna. Anune.

Jumanne, 9 Juni

Alphonsine, yule anayerekodi Aru, amepiga simu.

"Ma Sifa, mwanaume moja alipita huku jana, anaitwa Basile. Iko natafuta bibi yake wa Mudzipela. Jina njo yako."

Nikamuuliza ameelekea wapi.

"Alisema yote mu micro. Watu walikuwa wengi, miye sikusikiliza."

Nimemwomba anichezee ile sauti kwenye simu. Mtandao ukakatika. Tangu hapo simu za Aru hazipatikani.

Basile. Mume wangu. Siku ya kukimbia umati ulitutenganisha, yeye akasukumwa njia ya Uganda, mimi na mama yake tukabaki huku Mudzipela. Watu wanasema amani imerudi. Kwangu haijafika. Na Aru wanafuta sauti zote Ijumaa jioni, maana diski yao ni ndogo. Nisipoipata kabla ya hapo, sitajua alikokwenda.

Jumatano, 10 Juni

Nimezima, nimewasha. Nimejenga kiini upya, siku nzima imekwisha. Kosa lilelile. Nimeipiga mashine kofi.

Directeur anasema tungoje fundi wa Kampala. Anakuja mwezi ujao! Nimemkatalia, nimetoka nje nisimtukane.

Sijala. Namtaka Basile. Nataka hata kukoroma kwake, ingawa zamani nilimshtaki kwa mama yake kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 11 Juni

Mkuu wa avenue amepita kutukumbusha salongo ya keshokutwa. Akanicheka.

"Ma Sifa, weye ulitupa jembe ukakimbia. Mutaro yako iko nusu!"

Hapohapo nimekumbuka. Siku ile filimbi ilinikuta katikati ya kazi. Kiini nilikiweka. Vile vyombo vidogo vinavyoongea nacho, yaani programu za amri, vilivyokuwa vimekwisha kupikwa vinangoja tu, sikuviweka. Muziki ukanidanganya kwamba nimemaliza. Sasa kiini kinajibu kwa kipimo kipya, amri za zamani zinasoma kwa kipimo chao cha zamani. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Mimi hata haraka sikuwa nayo, nilikuwa na jembe.

Nimekimbilia redioni. Jenereta haina mafuta mpaka kesho. Nimelia, na sikujificha.

Ijumaa, 12 Juni

Mafuta yamechelewa. Yamefika jua limeanza kushuka. Nimeweka vyombo vyote, nimelinganisha faili za mipangilio moja moja, nimeiwasha upya. Nikaandika ile amri. Ikajibu, kazi zote zikajipanga kwenye kioo bila ubishi.

Programu ikaanza kuvuta sauti za Aru. Polepole. Laini ikakatika, ikarudi. Nimeomba Mungu kwa sauti, Directeur akisikia. Ya Basile imeingia mwisho kabisa, kisha upande wa Aru ukawa mtupu.

Sauti yake imekuwa nzito. Kwanza amemsalimia mama yake. Tulimzika mwaka jana. Hajui.

"Sifa, niko naenda Nizi kwa noko yangu, ndugu ya mama. Kila mangaribi nitasikiliza radio. Kama uko na bwana mwingine, sitakasirika. Useme tu, nisingojee bure."

Nimeirudia mara nyingi. Eti hatakasirika. Mwongo mkubwa.

Jumamosi, 13 Juni

Salongo. Nimemaliza mtaro wangu. Mkuu wa avenue ameukagua, akapita.

Jioni nimekaa mbele ya mikrofoni, mimi ambaye kazi yangu ni nyaya. Nimetaja jina langu na lake. Nimesema sina bwana mwingine. Nimesema nyumba ni ileile ya Mudzipela, ila mlango tumeupaka kijani. Habari ya mama sikuitangaza. Hiyo nitamwambia mwenyewe, tukiwa tumekaa.

Nimerudi nyumbani, nimetwanga majani ya muhogo, nimepika sombe ya watu wawili. Nimekula sehemu yangu. Iliyobaki nimeifunika.