Mshenga Hana Kwao

Mtunda, Rufiji
12 Shaabani 1323

Mpendwa kaka Swalehe,

Shikamoo. U hali gani huko Unguja, na kifua chako kimepoa? Sisi hatujambo. Vita havijafika mlangoni petu, ingawa moshi wa vijiji vya ng'ambo ya mto tunauona.

Ama baada ya salamu, kaka, shika moyo: mdogo wetu Biasha amejifungua! Mtoto wa kiume, hapa hapa nyumbani, mikononi mwa Mama. Naandika mbio kwa furaha, univumilie mwandiko.

Unajua mimba ya kwanza mwanamke huja kuzalia kwao. Lakini wakwe zake wa milimani Umatumbi walimzuia, wakidai sisi wa bondeni ndio tunaowaonyesha askari wa Mdachi njia. Mama akawa hali wala halali.

Ndipo ukaandika tumtume mjomba Bushiri awe mshenga. Kaka, Unguja imekusahaulisha mambo? Bushiri ni damu yetu, na mdomo wake unaujua. Huyo angekuwa mtetezi wetu tu. Mshenga ni yule anayeketi mkeka wa huku na wa kule, asiwe na kwao katika jambo lile. Tukamwita Bibi Mwanabaraka, aliyeileta posa ya Biasha.

Mama naye, kwa mapenzi yake, akamvisha kaniki mpya ya safari. Tulijiharibia wenyewe. Mjumbe hauawi, lakini kumsikiliza ni jambo jingine. Wakwe walipoiona tu ile kaniki wakamwambia, "Umevishwa na wale, rudi kwao." Akarudi mikono mitupu, akaivua, akavaa yake kuukuu, akaondoka tena na miguu yake inayouma. Safari hii wakamtandikia mkeka.

Juzi akaingia na Biasha, tumbo mbele, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilirukaruka, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

Sasa Mama hataki Biasha arudi kule kwenye moto. Akamwomba Bibi akawaambie wakwe hivyo. Bibi akamjibu taratibu, "Mwanangu, wale nao niliwaahidi. Arobaini ikitimia, namrudisha kwa mumewe." Mama amelia sana, kisha amekubali, maana bila ahadi hiyo Biasha angezalia porini, wanakojificha watu wa kule kwa vita.

Msalimie shemeji Johari na watoto. Mjomba Bushiri anakusalimu, ila bado amenuna kwa kutotumwa. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, na vita hivi avimalize kabla ya arobaini.

Ndugu yako anayekuwaza daima,
Abbasi