Kwa Rukia, Aliyezifanya Kofia Zetu Zionekane Mtandaoni

Mwanangu Rukia,

Mwanzoni mwa mwezi huu alipiga simu mama mmoja wa Pangani. Mwanawe anaoa, anataka kofia ya bwana harusi. Alisalimia vizuri, akauliza hali za nyumbani, kisha akasema, "Naongea na Rukia?"

Nikamwambia, "Mimi ni mama yake."

Akacheka kidogo. "Basi nipe Rukia, mama. Yeye ndiye niliyemsoma kwenye tovuti, ananielewa."

Nilibaki na simu sikioni. Yule mama akadhani mtandao umekatika, akawa anaita, "Haloo? Haloo?"

Tangu ututoke nimepokea simu nyingi za namna hiyo. Watu wa mbali wanakujua bila kukuona. Na hapa Dunda nako, wenye maduka wananisimamisha njiani: mwuza vikoi, fundi wa makasha, yule dada wa mafuta ya nazi. Wanataka kujua tulifanyaje hata wateja wa mikoani wakatufikia. Kila nikianza kuwaeleza, nasingizia shughuli na kuondoka. Ndiyo maana naandika hapa mahali pa wazi. Wao watachukua la kuwafaa, nami nitapata kuzungumza nawe.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Dar? Chuo ulikuwa hujamaliza. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, ilikuwa imekuandama tangu utotoni, lakini mwaka ule ilizidi, na daktari akasema shughuli za kukimbizana na jua na baridi uziache. Baba yako alikuwa keshafariki, tuko wawili tu. Mimi nashona kofia zangu, nikimaliza nampelekea mwenye duka, yeye anauza kwa jina lake. Wewe unalala kwenye mkeka pale sebuleni, mto chini ya magoti kwa sababu ya maumivu, unaangalia sindano inavyoingia na kutoka.

Siku moja ukasema, "Mama, kofia hizi zinavaliwa mpaka Oman, na hakuna anayejua zimeshonwa na nani."

Nikakujibu, "Kwani mwenye kichwa ana haja gani na mshonaji?"

"Mshonaji ndiye mwenye haja na mwenye kichwa," ukasema.

Ndipo ukaanza kuitengeneza tovuti, na ndipo tulipogombana juu ya jina. Mimi nilitaka iandikwe juu kabisa, "Kofia za Viua," kwa kuwa ndilo jina lake. Vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi ndivyo viua, na marehemu bibi yako angefufuka akisikia vikiitwa vinginevyo. Ukaniambia, "Sawa, mama. Lakini mtu anayeitaka ataandika nini kwenye simu yake? Hebu kaulize."

Nikaenda kuuliza. Mdogo wangu Zuhura, mama yako mdogo, akasema yeye angeandika "kofia ya harusi." Kijana wa bodaboda pale kona akasema, "Kofia za Kizanzibari, mama. Zile za kutoboatoboa." Nilirudi nyumbani nimefura. Kofia nimeishona Bagamoyo kwa mikono yangu, leo iitwe ya Kizanzibari! Ulicheka hata ukashika mbavu, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunakuuma.

"Mama, mlangoni tuweke jina wanalolijua wao," ukasema. "Wakishaingia ndani, utawafundisha jina lake."

Ikaandikwa: Kofia za harusi za kushonwa kwa mkono, Bagamoyo. Viua ukavieleza ndani, kwa maneno mazuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Hilo nawaambia wenzangu wa Dunda kwanza kabisa: usiandike unavyojiita, andika anavyokuulizia mteja.

Picha tulipiga uani, asubuhi, jua halijawa kali. Kamera ilikuwa inaziita kwa tarakimu, wewe ukazibadilisha moja moja: kofia nyeupe ya harusi, kofia ya Idi ya mtoto. Ukanieleza kwamba mtambo wa kutafutia hauoni picha kama tunavyoiona sisi, husoma jina lake na maneno yaliyo karibu nayo. Kisha ukazipunguza uzito. Mimi nilinung'unika kwamba zitapoteza uzuri. Ukasema, "Mtu yuko kijijini Fukayosi, bando lake dogo, mtandao unakuja na kuondoka. Picha ikichelewa kufunguka hangoji, anakwenda kwa mwingine."

Na ule ukurasa wa kupima kichwa. Wateja walikuwa wanauliza swali hilo hilo kila siku, ukasema swali linaloulizwa na wengi lipewe ukurasa wake. Ukanikalisha kwenye kigoda ili unipige picha za mfano. Ukazungusha uzi juu ya masikio yangu, ukaukata, ukaulaza kwenye rula. Vidole vyako vilikuwa vya moto. Nikakuambia una homa, kalale. Ukasema, "Tulia, mama, kichwa kinacheza." Picha hizo zipo mpaka leo. Mikono inayoonekana juu ya mtandio wangu ni yako, na watu wengi wanaofika kwenye tovuti yetu huanzia hapo.

Kuna jambo hatukuwa tunalizungumza, lakini nitalisema kwa faida ya wengine, nawe utaniwia radhi. Miezi ikapita, wateja wapya hawaji. Akatokea mtu aliyejiita bingwa wa masoko ya mtandaoni. Alikuahidi kwamba kwa muda mfupi tutakuwa wa juu kabisa. Ukakubali. Akajaza maneno "kofia ya harusi" kila sentensi, mengine ameyaficha kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mtambo uyasome na macho ya watu yasiyaone. Akatuletea na sifa za wateja ambao sijawahi kuwashonea. Kweli tulipanda, kwa siku chache. Kisha tukapotea kabisa. Ukiandika hata jina la biashara yetu hatutokei.

Nilikukuta umekaa mbele ya laptopu, machozi yanakutiririka bila sauti.

"Nilikuwa na haraka, mama," ukasema.

Nikakuuliza, "Haraka ya nini, mwanangu? Sisi tunakwenda wapi?"

 Uligeuza uso. Nilidhani ni aibu ya kutapeliwa. Sasa najua ulikuwa unahesabu muda wako, na mimi nimekaa pale na sindano yangu, sikuliona hilo.

Ulianza upya. Ukafuta maneno yote ya yule bwana. Ukafuta sifa za uongo. Ukawaandikia waliowahi kununua kwetu, mmoja baada ya mwingine, ukiwaomba waseme ukweli wao, uwe mzuri au mbaya. Mteja wa Msata akaandika kwamba kofia ni nzuri lakini ilichelewa, harusi ilikuwa imeshapita. Nikakuambia ifute hiyo, inatuvunjia heshima. Ukakataa. Chini yake ukamwomba radhi, ukaeleza kwamba mshonaji alikuwa hospitalini akimuuguza mtu. "Sifa tupu watu hawaziamini," uliniambia. "Wakiona kosa na jibu lake, wanajua hapa kuna binadamu."

Hukusema aliyekuwa akiuguzwa ni wewe.

Anwani yetu na namba ya simu ukahakikisha zinafanana kila mahali zilipoandikwa, kwenye ramani, kwenye kurasa za biashara, kila mahali. Kila juma ukaongeza kitu kidogo: namna ya kufua kofia bila kuiharibu, namna ya kuitofautisha ya mkono na ya mashine. Ukiwa na nafuu unaandika umekaa. Ukizidiwa unaniambia maneno, mimi naandika kwa kidole kimoja, wewe unasahihisha. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuingia humo ndani na kubadilisha mambo. Nilidhani unanitumia tu kama msaidizi.

Halafu wodini. Damu inakwenda mkononi, midomo imekauka, nawe unaniambia nitafute "kofia ya harusi Bagamoyo." Nikachukua simu yako. "Siyo hiyo, mama. Hiyo inanijua mimi, itanionyesha ninachokipenda. Azima ya mtu."

Nikamwomba mwenzetu aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani. Akanipa simu yake bila kuuliza. Nikaandika herufi moja moja. Tukatokea wa kwanza, picha ya kofia nyeupe na maneno yako chini yake. Nikakuinulia simu uione. Ukaitazama muda mrefu, ukasema, "Umeona? Bila kumdanganya mtu." Yule mama naye akasogea kutazama, akasema, "Hongereni," nasi tukaitikia kana kwamba tuko harusini.

Ulifariki juma lililofuata, kabla ya adhuhuri, mkono wako mkononi mwangu. Alasiri ile ile tukakuzika. Nilikuwa na sindano imechomekwa kwenye kanga tangu asubuhi, sikuikumbuka mpaka waliponivua nguo zile. Baada ya khitma watu wakarudi makwao, nyumba ikabaki na mkeka wako.

Simu hazikukoma. Kazi uliyoifanya ilikuwa ndiyo kwanza inazaa. Idi ilikuwa inakaribia, wateja wanatoka Tanga, wanatoka Morogoro, kila mmoja anataka kuzungumza nawe. Wengine niliwaambia umetoka kidogo. Mmoja nikamwambia umelala. Zuhura alinisikia, akaninyang'anya simu kwa upole, akasema, "Dada, ifunge hiyo tovuti. Unajiumiza."

"Nikiifunga atakuwa wapi?" nikamuuliza.

Akainama, akanirudishia simu.

Nikakataa kuifunga na nikakataa kuigusa. Ndivyo tulivyokaa mpaka siku ya yule mama wa Pangani. Alipoita "haloo" mara ya mwisho, nikajikaza. Nikamwambia, "Dada yangu, Rukia amefariki. Mimi ndiye mshonaji." Akasoma innalillahi taratibu hadi mwisho, na nikasikia analia. Hakuwahi kukutia machoni. Tulilia pamoja, kila mtu upande wake wa simu. Alipotulia akaniambia, "Kofia bado naitaka, mama. Ila waandikie watu wajue. Wengine watakuuliza na hutakuwa na nguvu za kuwajibu."

Alisema kweli. Nikafungua laptopu yako. Kwenye ukurasa wa mwanzo, chini ya jina langu, uliandika: "Rukia, binti yake, ndiye anayeandika kurasa hizi na kujibu maswali yenu."

Nilikaa nao mstari huo tangu asubuhi hata adhana ya adhuhuri. Nilifikiri kuandika tangazo refu, tanzia, sifa zako. Yote nikaona yanakuondoa. Mwisho nikaweka kidole baada ya herufi ya kwanza ya neno *anayeandika*, nikafuta *na*, nikaandika *li*. Rukia, binti yake, ndiye aliyeandika kurasa hizi. Hayo ya kujibu maswali nikayahamishia kwangu. Nikabonyeza hifadhi, nikaenda kutia udhu.

Jioni nikalitafuta jina la biashara yetu kwenye simu nione imekaaje. Tukatokea pale juu kama kawaida, na maneno madogo chini yake yakisema bado: Rukia, binti yake, ndiye anayeandika. Nikadhani nimekosea. Nikafungua tovuti yenyewe, humo ndani nilichobadilisha kipo. Ni mtambo tu ulikuwa haujarudi kutusoma upya. Huja kwa wakati wake, hauamrishwi.

Nitakwambia ukweli, mwanangu: nilifurahi. Humu nyumbani nilikuwa nimeshakuzika, na huko nje kuna mahali hawajapata habari. Kesho yake nikatazama tena, anayeandika. Mtondo, anayeandika. Nikawa naamka, naswali, nashona kidogo kofia ya Pangani, kisha naandika jina letu pale na kukuta bado upo kazini. Sikumwambia Zuhura. Kwa muda huo mfupi nilikuwa na mtoto.

Leo asubuhi nilipotazama, ilikuwa imebadilika. Zuhura aliingia na chai akanikuta na simu mapajani. Akaichukua, akausoma mstari ule kwa sauti, akasema, "Sasa imekaa sawa, dada." Nikamwambia ndiyo. Akanimiminia chai, tukanywa.

Lala salama, Rukia. Mungu akurehemu na akupumzishe maumivu yote. Simu nitazijibu mimi.

Mama yako,
Mama Rukia
Dunda, Bagamoyo