Santuri ya Baba

Jumapili, Jericho, 1979

Nairobi nzima hakuna sikio kama langu. Saksafoni ikikohoa tu, nishajua ni santuri gani. Halafu Oti wa nyumba ya pili, asiyeweza kutofautisha tarumbeta na filimbi, ananiletea jazi ileile ya marehemu baba, toleo jipya la dukani, na kunicheka: "Yenu inakwaruza kama sufuria, bwana. Tupa!"

Nitupe? Mimi?

Nikaiweka ya baba kwenye gramafoni, Oti asikie. Sindano ikaruka. "Si nilikwambia!" Nikapandwa na hasira, nikabandika shilingi juu ya kichwa cha sindano ili itulie.

Mama alipouliza mbona santuri imekwaruzwa, nikasema Oti ameiharibu. Shenzi yule!

Ila shilingi niliiweka mimi. Uzito wake umeifanya sindano ichimbe mfereji kwenye santuri, palepale baba alipokuwa akiifuata kwa mluzi.