Fundi Rehani na Dubwana Lililopasuka Kwapani

Mwaka umezunguka, Baba Nassibu, tangu mchana ule uliposema unanyoosha mgongo kidogo kabla ya alasiri, ukalala, usiamke tena. Wengine wakiandika kumbukumbu huanza kwa kulia. Mimi mkeo, Mwanasha, naanza kwa kununa, na utanisamehe, maana mwaka mzima nimekuwa na la kukwambia na wewe hupo.

Wasiokujua niwaambie. Huyu ni Rehani, fundi cherehani wa Nangurukuru, yule wa kibaraza cha bluu karibu na stendi. Ameshona sare za nusu ya watoto wa hapa na kanzu za Idi za baba zao. Alikuwa fundi kama mafundi wote, ukimuulizia nguo yako anakwambia njoo Alhamisi, bila kusema Alhamisi ipi. Lakini kitambaa chako kikibaki alikurudishia, hata kama ni kipande cha kufutia miwani, kimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Fundi wa kurudisha mabaki mnamjua mwingine? Mimi simjui.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwa madubwana ya kwenye picha za sinema. Jamani, mapenzi gani yale ya kupenda kitu ili ukitukane? Picha za zamani ulizikusanya kwa wachuuzi tangu kanda hazijapitwa na wakati: mijusi ya kukanyaga miji, buibui wa ukubwa wa basi, watu wa kutoka nyota za mbali wenye masikio ya bati. Jioni ukishafunika cherehani unawasha deki ya video, unakaa mbele kabisa, rimoti mkononi, na hapo hakuna tena kuangalia picha kwa amani.

"Simamisha hapo!" unapiga kelele, na rimoti unayo wewe mwenyewe. Unainuka, unaweka kidole kwenye kioo. "Mama Nassibu, angalia mgongoni. Zipu hiyo! Mnyama katoka chini ya bahari, nani kamfunga zipu?" Mwanamke akikimbia porini gauni likachanika, akitokea tena gauni zima, ulifoka mpaka jirani akauliza kuna nini. "Kamshonea nani huko porini? Cherehani iko wapi?" Watu wa nyota uliwaonea huruma. Wamevuka mbingu zote, ulisema, na hawakupata fundi mmoja wa kuwapunguzia suruali. Na yule mjusi mkubwa wa mpira ndiye aliyekukera kuliko wote. "Mjusi wa kweli alichimbwa huku kwetu Lindi, pale Tendaguru, akapelekwa Ujerumani. Halafu wao wanatuletea wa mpira! Biashara gani hii?"

Lakini kosa ulilolitafuta kwanza katika kila picha lilikuwa kwapa. Dubwana likiinua mkono kuvunja ghorofa, mshono wa kwapani ukaachia, ulishangilia kuliko timu yako ikifunga goli. Watoto wetu Nassibu na Sauda wamekua hawajui mwisho wa picha hata moja. Na mimi pia. Mpaka leo sijui yule mwanamke wa kisiwani aliolewa na nani.

Mwenzako katika mambo hayo alikuwa Sipriani, mkaanga chipsi wa stendi, Mngoni, mtani wetu sisi Wamatumbi. Yeye alizipenda picha kama zilivyo. Steringi, shujaa wa picha, akiumia analia, dubwana likianguka anapiga makofi. Mwishowe akachoka nawe. Akakwambia mbele yetu sote, "Wewe Mmatumbi, kazi yako kulaumu kazi za wenzio. Shona lako basi tulione." Angekwambia neno lingine lolote! Ulichukua chaki.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Magunia ya korosho, turubai kuukuu, mipira ya ndani ya matairi, vyote sebuleni kwangu. Sare za shule zinasubiri, wazazi wanabisha hodi, wewe unakata magamba. Na dubwana linataka mwili wa kulipimia, na mwili ukaonekana ni wangu. "Simama hapa, Mama Nassibu. Nyoosha mkono. Juu zaidi, kama unavunja ghorofa." Nilisimama wali ukaungua jikoni. Nilisimama na pini mabegani, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikakwambia mpime Nassibu, ukasema Nassibu hatulii. Ukalikata kwa kipimo changu, bega langu, kifua changu, mkono wangu, na kwapani ukarudia mshono mara tatu, ukauvuta kwa meno, ukacheka peke yako. Kilikuwa kimebaki kichwa tu siku ile ulipokwenda kunyoosha mgongo.

Sasa sikiliza uliyoyakosa.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa, Sipriani akaja kufanya utani wake. Ni haki yake. Mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, wafiwa nao wakapata kucheka kidogo. Nguo zako zilikuwepo, kanzu, kofia, lile koti lako la mikutano. Yeye akaenda kuchukua dubwana! Mtu mwenye kitambi kile, kifua kile, akajipenyeza humo kwa nguvu, akatoka uani, akainua mkono wa kulia na kufoka kwa sauti yako, "Simamisha hapo!" Kwapa likachanika. Praaa! Matanga yote yakasikia.

Loh, walivyocheka! Sipriani akaingiza vidole kwenye lile tundu, akawaonyesha watu. "Nyani haoni kundule! Miaka yote anacheka makwapa ya wenzake, kumbe lake ndilo hili." Mimi niko ndani na wanawake, nikapaza sauti kwamba limekatwa kwa kipimo changu. Nani anasikia? Nimeshaingia eda, nitoke nje nikabishane na wanaume habari za kwapa? Kaka yako Hussen, aliyekuja kutoka Njinjo, akasema hilo ni jambo la kishetani, lichomwe moto. Sipriani akasema halichomwi, ameliteka kwa utani, atalirudisha atakapopenda. Nikampelekea jogoo wa kulikomboa. Akamla jogoo, na dubwana akabaki nalo.

Mtani hanuniwi. Ndiyo sheria yetu, ukimnunia mtani wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Kwa hiyo hasira yote niliyo nayo kwa Sipriani nimekuwekea wewe. Kwa nini hukumwambia hata mtu mmoja kwamba unanipima mimi? Uliona haya? Ulitaka kuwashtukiza siku ya siku? Ungesema, Rehani! Mtu wa kusema mpaka juu ya viatu vya watu wa nyota, hili moja tu ukalifungia mdomoni.

Maana maneno hayakuishia matangani. Nassibu amekaa kwenye cherehani yako, anashona vizuri, mkono wako kabisa, na wateja wanamtania, "Usije ukanishonea kwapa la baba yako." Mwanzoni alicheka nao. Halafu mama mmoja akaja akachukua vitambaa vya sare za wanawe, akavipeleka kwa fundi mwingine, na mama huyo hakuwa anatania. Mwanao akarudi nyumbani, akakaa mlangoni, akasema, "Mama, wameamini." Siku ile sikula. Umeinamia ile cherehani mpaka vidole vimepinda, leo jina lako linaharibika kwa mshono ambao haukuwa na kosa lolote. Mimi ninajua, na kujua kwangu hakumsaidii mtu.

Eda ikaisha. Nikamfuata Sipriani pale pale kwenye kikaango chake, nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akageuza chipsi, akasema, "Mama Nassibu, mke atasema nini kingine?" Basi nikarudi nyumbani, nikafunika deki kwa kanga, sikutaka kuiona.

Ulipokaribia mwaka, nikamtuma Sauda ampelekee salamu: siku ya dua alete dubwana, na awalete wasemaji wote wa stendi. Akaja nalo, na wakaja kweli, wewe unawajua watu wa pilau. Dua ikasomwa, watu wakala, sheikh akaaga. Nassibu akalishona kwapa la kulia mbele yao, kwenye matundu yale yale ya sindano yako, hakuongeza nafasi hata ya uzi. La kushoto hakuligusa. Hilo lilikuwa mshono wako mwenyewe, na aliyetaka kuliangalia aliliangalia. Kisha nikaingia ndani nikavaa.

Shemeji Hussen akasema haifai. Mjane, mtu mzima, mbele za watu. Nikamjibu kutoka mlangoni, "Shemeji, nimefunikwa kuanzia shingoni mpaka kwenye kucha, gunia juu, turubai chini. Unataka stara gani zaidi ya hii?" Akageuka akaangalia ukuta.

Nikatoka uani. Hakuna aliyecheka. Lilinienea, Baba Nassibu, bega kwa bega, kifua kwa kifua, mpaka wanawake wakaguna. Nikainua mkono wa kushoto juu kabisa, kama navunja ghorofa. Nikainua na wa kulia. Nikamwambia Sipriani, "Vuta." Akashika upindo wa mkono wa kushoto, akavuta, akarudi nyuma akavuta tena mpaka nikayumba mimi, yeye jasho linamtoka. Mshono ukakaa.

Mtani lazima awe na neno, na mimi nilimsubiri alitoe. Niliona kabisa limefika mdomoni. Halafu akaketi kwenye jamvi na kitambi chake chote, akaanza kulia. "Mmatumbi hakukosea," akasema. "Nimemcheka bure, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi." Yule mama wa sare alikuwepo. Kesho yake vitambaa vikarudi kwa Nassibu, na mwanao akamwambia njoo Alhamisi.

Nimekushindia, mume wangu. Vigelegele vikapigwa, Sauda akanikumbatia mimi na magamba yangu, na katika furaha ile nikafanya jambo la kijinga: nikageuka kukutazama. Nilitaka nione unavyojisikia. Kwenye kiti chako kulikuwa na sahani za pilau, zimepangwa zinasubiri kuoshwa.

Hapo ndipo nilipolia. Mwaka mzima watu walisubiri nilie, nikawa nanuna tu, na kilio kikanijia siku hiyo, niko ndani ya magunia ya korosho mbele ya Nangurukuru nzima. Nikataka kujifuta, nikashindwa. Ule mpira ulioutia viwikoni haukunjiki. Kwa hiyo na mimi nakukosoa, fundi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukukosoa kwa haki. Bega zuri, kwapa zuri, mshono hauna mfano. Kosa lake ni moja: mikono yake haifiki machoni. Ilibidi Sauda anifute.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanasha, wanao Nassibu na Sauda, wakwe na wajukuu zako, kaka yako Hussen na ndugu wote wa Njinjo, na mtani wako Sipriani, ambaye ametaka jina lake litangulie na tumekataa.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akulaze pema. Sisi hatutakusahau, hata siku tunazokununia.