Siku Kumi na Nne za Rufaa

Kenton, 6 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Séraphin,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akifika Ulaya ni kudhani kwamba serikali ni mtu. Nimelitanguliza hilo hata kabla ya kukujulia hali, unisamehe. Sasa salamu. Hujambo? Kifua kimepona? Hapo hotelini Hayes, serikali ilikowaweka nyinyi waomba hifadhi, wanawapa chakula cha moto siku hizi, au bado ni ule wali wa maji? Mimi nyonga yangu mpya inakwenda vizuri, ila daktari amenikataza mabasi na ngazi hadi katikati ya Aprili. Masikio ndiyo hayo uliyoyazoea nilipokuwa nikikufundisha Kiingereza maktabani. Simu kwangu ni kelele tupu. Na yako umesema imekufa. Basi tuandikiane.

Kikaratasi chako kimenifikia jana. Umesema jibu la ombi lako la hifadhi lilitoka Jumatatu, nalo ni hapana. Wanadai ungeweza kuhamia Kinshasa ukaishi kwa amani, kana kwamba waliomchukua kaka yako Uvira hawajui kupanda ndege. Halafu ukaandika, na hapo ndipo niliposhtuka, kwamba unatafuta "mkubwa wa kumwona".

Nakuelewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kongo haikuwa hata koloni la taifa fulani. Ilikuwa mali binafsi ya mfalme mmoja wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kuikanyaga. Aliyetaka kubaki hai alimtafuta msimamizi, akamwangukia. Mabwana wamebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini wazee wako waliendelea kukufundisha kilichowafaa wao: usiende ofisini, nenda nyumbani kwa mkubwa. Huo si ujinga. Ni elimu ya mahali pale.

Hapa nako walianzia hukohuko. Mfalme alichukua alichotaka kwa aliyemtaka. Wakamlazimisha mmoja kutia muhuri kwenye ahadi, baada ya karne nne wakamkata mwingine kichwa, wakamfukuza wa tatu, mpaka amri ikatoka mkononi mwa mtu ikahamia kwenye karatasi. Mwenye karakana alipoona kwamba hatanyang'anywa kesho, akajenga ya pili. Sisemi walitajirika kwa wema. Jasho la watumwa wa miwa na pamba ya babu zangu wa Gujarati vimo humohumo. Nasema walichokipata kilikaa, kwa sababu kililindwa na kitu kisichokufa wala kulewa.

Wala usidhani Wazungu walizaliwa na nchi nzuri. Viazi vilipooza kule Ayalandi, meli zilikuwa bado zinapakia nafaka kwenda kuuzwa Uingereza, kwa kuwa waliotawala hawakuwa wenye njaa. Watu wakaja London na matambara, wakaitwa majina uliyoitwa wewe kwenye basi. Wareno je? Nilipokuwa mtoto, walikuwa wakivuka milima kwa miguu kwenda Ufaransa, bila pasipoti, wakimlipa mtu wa kuwaonyesha njia. Jua lilikuwa hilihili wanalolifuata watalii leo. Udikteta ulipoanguka, wakapata bunge na mahakama, wengi wakarudi kwao. Ardhi haikuwa imebadilika hata shubiri moja.

Naona nimefika ukurasa wa tano, na hili ndilo la muhimu: una siku kumi na nne za kukata rufaa. Kwa hesabu yangu zinaisha Jumatatu tarehe 17. Mwanafunzi wangu wa zamani, Hemali, ni wakili hapo Harrow na kesi za namna yako hatozi kitu. Nimekuandikia anwani yake nyuma ya bahasha. Mpelekee barua yako.

Wako akupendaye,
Babu Sadrudin


Hayes, 12 Machi 2025

Koko, babu yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini nyonga inakutii. Mimi mwili upo, usingizi haupo.

Barua yako ilikaa siku mbili mapokezi kwa sababu yule mlinzi mpya hajui kusoma jina langu. Nimeipata leo. Israël, huyu ninayelala naye chumba kimoja, alivyoona unene wake akasema, "Koko wako amekuandikia barua, ama ni Agano la Tatu?" Nikamsomea. Kufika kwa Wareno akakaa kitandani. "Wazungu kwa miguu? Bila pasipoti? Nao walichukuliwa alama za vidole?" Nikamwambia nitakuuliza. Ni mara ya kwanza tumecheka tangu Jumatatu ile.

Ukurasa wa tano nimeuona, aksanti sana. Lakini usihangaike tena, koko, jambo limepata mwenyewe. Jumapili nilikwenda kusali Lewisham, kwenye kanisa letu la Wakongo. Kuna kaka anaitwa Ambrose, mtu wa Bukavu, mtu mzima, suti yake haina kunyanzi. Huyo ana mtu ndani. Alinionyesha hadi funguo za ofisi, na kitambulisho chenye picha. Akaniambia, "Mdogo wangu, wakili anaongea na karatasi. Mimi naongea na mtu." Hakutaka hata nauli. Anasema ni kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya marehemu kaka yangu, kwa sababu waliwahi kusoma pamoja.

Basi nikampa barua ya serikali na bahasha yake, vyote. Ataiweka mbele ya mkubwa mwenyewe wiki hii.

Najua utasema serikali si mtu. Lakini koko, hata wewe ulipougua nyonga, si ulipita haraka kwa sababu binti yako anamjua daktari? Usinikasirikie. Nina miaka miwili na nusu hotelini, sina ruhusa ya kazi, dirisha langu linatazama ghala. Nikisikia mtu anasema "nitakusemea", moyo unakwenda wenyewe.

Mjukuu wako,
Séraphin


Kenton, Jumamosi, 15 Machi 2025

Séraphin, mwanangu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Barua yako imefika sasa hivi.

Hakuna mtu ndani. Sikiliza: hata kama yupo, hawezi. Anayefungua faili lako hamjui anayelifunga. Ndivyo walivyoipanga makusudi, ili asiwepo wa kuangukiwa. Na binti yangu Alka hakumjua daktari yeyote. Nilisubiri miezi kumi na minne kama wengine, huku nikikukuta wewe maktabani kila Jumanne.

Mtafute Ambrose, uichukue barua yako, uende nayo kwa Hemali Jumatatu asubuhi. Nimemwomba Alka apige simu hotelini kwenu. Wamemwambia hawawezi kusema kama unaishi hapo au huishi hapo. Amepiga mara nne. Mara ya mwisho akawaambia, "Basi mwambieni huyo msiyemjua kwamba baba yangu analia." Sikuwa nalia, lakini nilikuwa karibu. Jumatatu atakuja mwenyewe kutoka Leicester.

Najua posta ya Jumamosi haifiki Jumatatu. Naandika tu kwa sababu sijui nifanye nini kingine kwa mikono hii.

Babu Sadrudin


Hayes, 22 Machi 2025

Koko,

Shikamoo. Sina salamu nyingine.

Nilisikia mama mmoja wa Kihindi alikuja Jumatatu akagombana na mlinzi. Nilijua ni Alka. Mimi siku hiyo nilikuwa Lewisham tangu asubuhi, namtafuta Ambrose, kwa sababu Jumapili hakuonekana kanisani. Mama Marcelina anayepika chai ya kanisa ndiye aliyenielekeza. Akaniuliza, "Ambrose gani mwenye mtu ndani? Ambrose mwenyewe anasubiri karatasi zake mwaka wa sita huu."

Nikamngoja stendi ya basi mpaka akatoka kazini. Ana ndoo na fulana ya njano. Suti ni ya Jumapili. Koko, yeye anasafisha ofisi. Usiku wakiondoka wote anabaki na funguo. Aliichukua barua yangu, akaandika ya kwake kwa Kifaransa, kurasa mbili, akamweleza mkubwa habari za kaka yangu na za mama, akaziweka juu ya meza kubwa kuliko zote, akapiga magoti akaombea ile meza. Kesho yake hazikuwepo. Akashangilia. Alidhani zimepokelewa.

Nikamwuliza ni ofisi gani. Hajui. Alijua tu kuna bendera mlangoni na watu wa suti. Tukaenda pamoja tukasoma kibao. Ni kampuni ya bima ya meli.

Nilitaka kumpiga. Akakaa chini kwenye lami na ndoo yake akasema, "Mdogo wangu, ya kwangu pia niliiweka pale." Nikashindwa.

Sasa siku zimepita. Wameleta bahasha nyingine inayosema nitoke hotelini tarehe 4 Aprili. Barua yako ya tarehe 15 niliipata tarehe 18. Hemali wako atauliza kwa nini nimechelewa, nami nitalazimika kusema. Nikisema, watamtafuta mtu aliyeingia na karatasi za watu kwenye ofisi asiyoruhusiwa kugusa kitu. Watamfukuza kazi hiyo ambayo hata hana kibali nayo. Kisha watamrudisha. Sitamuua mtu wa Bukavu ili mimi nibaki.

Nakuuliza jambo moja, si kwa hasira. Ulijua ni siku kumi na nne. Kwa nini ulianza na mfalme?

Israël amehamishwa juzi. Sitoki tena chumbani, wala bahasha sifungui. Usijisumbue kuandika.

Séraphin


Kenton, Ijumaa, 28 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Kimya cha siku hizi nimekiheshimu muda wa kutosha kumwona Hemali na si zaidi.

Umeuliza kwa nini nilianza na mfalme. Nimelijua jibu muda mrefu, sikupenda tu kulisema. Mwaka 1968 tulikuwa Mombasa, baba yangu na pasipoti yake ya Kiingereza. Uvumi ulipoenea kwamba London itatufungia mlango sisi Wahindi wa Kenya, majirani walikimbilia uwanja wa ndege na nguo walizovaa. Baba aliketi akaandika barua kwa Balozi. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma. Ilianza tangu enzi za reli, ikawakumbusha kila neno walilotupa. Aliisahihisha wiki nzima. Bunge lao lilipitisha sheria ile kwa siku tatu, naye bado alikuwa anatafuta neno zuri zaidi la "heshima". Tukakaa miaka minne nje ya mlango, na mama hakuuona mwaka wa nne. Baba aliamini serikali ni muungwana anayeweza kuaibika. Wewe uliamini ni mkubwa anayeweza kuombwa. Mimi niliyewacheka wote wawili nilijua ni karatasi yenye tarehe, na tarehe yenyewe nikaificha ukurasa wa tano, kwa sababu kueleza kulinipa raha na wewe ulinisikiliza.

Hilo ndilo nililomwambia Hemali. Rufaa iliyochelewa bado inaweza kupokewa endapo sababu ya kuchelewa ni ya kweli na jaji ameikubali. Haahidi kitu, anasema kila siku inayopita inaipunguzia nguvu. Barua ya kukataliwa anaweza kuomba nakala. Nimetia saini maelezo yangu mwenyewe ya nusu ukurasa: kwamba mimi, mwalimu mstaafu uliyemtegemea kwa ushauri, nilikuandikia kwa posta badala ya kukufikia mapema, na nikaliweka la haraka nyuma ya yasiyo ya haraka. Kila neno ni kweli. Upande wako utaandika kwamba ulimkabidhi barua mtu uliyemwamini kanisani naye ikampotea, na hilo nalo ni kweli. Jina lake, Hemali anasema, usilitaje kwa yeyote mpaka wewe naye mmezungumza wawili tu. Yeye ni wakili, sheria inamruhusu kufunga mlango wa ofisi na siri ikabaki ndani, nami siwezi. Tena amesema huyo mwenzako naye aje, siku yake.

Huenda wakakataa tena. Sina historia ya kukufariji nayo.

Bahasha hii haikupita posta. Alka amemkabidhi mlinzi mkononi na anasubiri kwenye gari la bluu mbele ya hoteli. Hemali anafunga saa kumi na moja jioni.

Vaa viatu, ushuke sasa.

Babu Sadrudin