Siku Moraa Alipoyapita Maji

Jumatatu, 14 Januari 1974

Majani ya chai kikapu kimoja tu. Jua linayakausha kabla hayajachipua. Mgongo unauma.

Moraa alirudi saa moja asubuhi, vumbi mpaka magotini. Akachota maji, akakama ng'ombe, akamwosha mtoto wake Kemunto, akanifuata shambani, na bado akanishinda kuchuma. Huyu mke wa mwanangu hajui kukaa. Ombati yuko Kericho kwenye mashamba makubwa, anarudi mwisho wa mwezi akipenda. Mke wake anakimbia kila alfajiri kama mtu aliyesahau kitu mbali.

Mwalimu wa ngumbaru anasema niandike hata mistari miwili kwa siku, vidole visisahau. Sikuenda shule. Nilichunga mbuzi. Sasa naandika. Hakuna atakayesoma. Vizuri.

Alhamisi, 17 Januari

Chifu ametangaza mbio. Kuanzia hapa Nyacheki, kushuka Tabaka kwenye machimbo ya mawe, kupanda vilima mpaka Kisii mjini. Njia za ng'ombe, si barabara. Wanasema maili thelathini. Nani alipima? Wanawake pia wanaruhusiwa. Mwanamke wa kwanza atapewa mabati ya nyumba nzima.

Moraa alisikia. Aliangalia paa lake. Nyasi zimeoza, mvua ikija mtoto analala chini ya meza.

Nikamwambia kimbia. Akasema, "Na watu, Mama?" Nikamwambia watu hawalali chini ya paa lako.

Jumapili, 20 Januari

Shida ni nguo. Gauni linamkaba magoti, na kule mlimani akijikwaa atavunja meno. Nimechukua kaptura ya zamani ya Ombati, nimeipunguza kwa mkono. Mapaja nje. Mimi sijali. Mapaja ni mapaja.

Lakini yuko baba mkwe wake, na chinsoni ni chinsoni. Hiyo ndiyo heshima yetu. Mke wa mwana na baba wa mume hawakaribiani. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Sasa amwone na kaptura? Hiyo ni aibu ya kuchinjiwa kondoo.

Nilimweleza Baba Ombati wakati wa chakula. Alitafuna mboga muda mrefu.

"Siku hiyo nitakuwa Nyamira kwa dada yangu."

"Dada yako hujamwona tangu Uhuru."

"Basi atachinja kuku."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimeolewa na mtu mzuri, simwambii. Nilimpelekea Moraa habari kwamba siku ya mbio baba hatakuwepo. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jumamosi, 26 Januari

Leo Moraa alikimbia mpaka Tabaka na kurudi. Midomo imepasuka. Anasema kule machimboni majua ni mawili. Moja liko juu, lingine linatoka chini kwenye mawe meupe, na wewe uko katikati kama muhogo kwenye makaa. Hakuna mti. Vumbi la mawe linaingia kooni.

Nilimuuliza mtu wa chifu, maji yatakuwa wapi? Akasema mwanzo na mwisho. Katikati je? Akasema hizi ni mbio, mama, si harusi. Nilitaka kumpiga na kikapu.

Tumepanga wenyewe. Kaka yake Moraa, Nyakundi, anachonga mawe huko Tabaka. Atasimama machimboni na debe la maji. Mimi nitakaa juu ya kilima kinachofuata na uji. Asipokunywa machimboni hafiki kwangu. Nimemwambia hivyo, nimerudia, amesema Mama nimesikia.

Naogopa. Mabati siyataki tena. Lakini sasa yeye ndiye anataka, na si mabati. Nimemwona macho.

Ijumaa, 1 Februari

Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja mara tatu. Nimemgombeza kuku.

Hakuna wingu hata moja. Ng'ombe wamelala kivulini tangu saa nne.

Moraa amelala mapema. Baba Ombati ameweka begi lake mlangoni. Kesho Nyamira.

Jumamosi, 2 Februari

Naandika jioni. Herufi zitakuwa mbaya. Niandike yote.

Moraa aliondoka kwenda sokoni kabla jua halijatoka, leso juu ya kaptura. Baada ya muda akaja mtu kutoka Tabaka na baiskeli. Nyakundi ana malaria, anatetemeka, hawezi kusimama.

Maji nani atapeleka? Jua lilikuwa limeshatoka na lilikuwa linauma. Baba Ombati yuko mlangoni na begi la Nyamira. Alichonga mawe Tabaka ujana wake wote. Chemchemi iliyo chini ya machimbo anaijua yeye.

Nikamwambia nenda. Weka debe kando ya njia na kikombe juu yake. Wewe simama, uipe njia mgongo. Atakunywa, atapita, hutamwona.

Alifikiri. Akasema, "Nitageuka."

Tulipanda lori la mtu anayenunua mawe. Likapita sokoni. Wakimbiaji walikuwa wamejipanga, chifu bado anahutubia. Baba Ombati akajitupa chini ya turubai asimwone mkwe wake na kaptura. Mimi nilimwona Moraa. Nilimpungia mkono. Alinichekea.

Nilipunga tu. Ningepaza sauti, ningesema maji ni ya baba, amegeuka, kunywa. Maneno sita. Sikufikiri. Nilikuwa nacheka mzee alivyo chini ya turubai.

Mzee akashuka machimboni. Mimi nikashuka mbele, kilimani. Nikakaa na sufuria ya uji. Wanaume wakapita, wa kwanza, wa tano, wanahema kama fahali. Jua likawa katikati. Mawe ya njia yalichoma hata kupitia ndara. Kisha akaja mwanamke. Si wangu. Msichana mrefu wa upande wa ziwa, karani mjini Kisii. Akanywa uji wangu wima.

Nikamuuliza, yule wa kaptura ya kahawia?

"Tulikuwa sote mpaka kwenye mawe meupe, Mama. Pale penye maji akaruka pembeni kama ameona nyoka. Akapanda lundo la mawe, sikumwona tena."

Nyoka gani. Aliona kofia ya mzee.

Niliacha sufuria. Nilikimbia. Sijakimbia tangu nilipozaa mtoto wa mwisho. Kuteremka kote, magoti yanalia, leso nimeishika mkononi, jua linanipiga utosini kama mchi. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa naomba na kutukana pamoja.

Baba Ombati alikuwa pale pale. Uso kwenye ukuta wa mawe, mikono nyuma, shati limelowa lote. Tangu asubuhi amesimama hivyo.

"Amekunywa?"

"Nitajuaje? Nimegeuka."

"Hajanywa, mzee! Amekukimbia!"

Tulimpata nyuma ya lundo. Alikuwa amekaa kwenye vumbi jeupe, miguu mbele, kama mtoto anayecheza. Ngozi kavu. Nilimshika, moto, hakuna jasho hata tone. Macho wazi, hanioni. Alikuwa akisema ng'ombe wameingia kwenye shamba la wimbi, wafukuzeni. Nilimpa maji yakatoka kando ya mdomo.

Nikajaribu kumwinua. Sikuweza. Nikajaribu tena, tukaanguka wote. Chemchemi na kivuli viko chini, si mbali, lakini kwangu ilikuwa kama Nairobi. Baba Ombati amesimama hatua kumi. Amegeuka tena.

Nilikunjua leso yangu, nikamzungushia Moraa kutoka kiunoni mpaka vidoleni.

"Mbebe."

Aliinamisha kichwa.

"Baba Ombati, mbebe!"

"Umemfunika?"

"Nimemfunika."

"Vizuri?"

"Mbebe kabla sijakubeba wewe!"

Alikuja kinyumenyume. Nikamweka Moraa mgongoni kwake. Mzee akafumba macho. Akafumba kabisa, akakunja uso wote, machozi yakatoka pembeni. Nikamshika mkono wa shati nikamwongoza kati ya mawe kama kipofu. Jiwe kulia. Shimo. Inua mguu. Alijikwaa mara mbili, hakumwangusha, hakufumbua.

Tulimlaza ndani ya maji na nguo zake. Nikammwagia kichwani, kichwani, kichwani. Mzee alikwenda kukaa mbali. Ilichukua muda. Nilishawaza nani atamwambia Ombati. Kisha Moraa akatapika, akauliza Kemunto amekula.

Nilimpiga kofi. Dogo. Kisha nikamkumbatia nikalia kama mtu amefiwa.

Ndipo akamwona mzee kule mbali. Akaangalia leso. Akajua amefikaje pale. Akafunika uso.

Jumapili, 3 Februari

Kanisani wamenong'ona mpaka mchungaji akapoteza mstari. Mlangoni mmoja akanijia, jirani wa miaka yote, akatabasamu.

"Siku hizi kwenu baba mkwe anambeba mke wa mwana mgongoni?"

"Kwenu mngemwacha afe, mkamzike kwa heshima."

Akashika njia. Nilitaka ajibu. Nilikuwa na mengine.

Nilipofika nyumbani mlango wa Moraa umefungwa kwa kamba. Amemchukua Kemunto, amerudi kwao ng'ambo ya bonde. Hakuniaga. Alimwambia mke wa jirani hawezi kukaa boma moja na baba aliyemgusa. Atamtazamaje? Atampelekaje mtoto kusalimia?

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 5 Februari

Sikulala. Baba Ombati hali. Nilimpikia alichopenda, akakisukuma. Anakaa nyuma ya zizi peke yake. Tumekaa miaka hii yote, sijawahi kumwona ameshindwa na ugali.

Ombati atarudi mwisho wa mwezi akute nyumba tupu. Atauliza nini kilitokea. Baba yake hawezi kusema. Mke wake hawezi kusema. Nitasema mimi. Kosa ni langu. Wale wawili walifanya heshima kama walivyofundishwa, kila mmoja upande wake, na katikati yao nilikuwa mimi mwenye mdomo. Mdomo ambao haujawahi kunyamaza. Siku moja ulihitajika, ukacheka.

Akibaki huko ni mimi nimevunja boma hili.

Ijumaa, 8 Februari

Wazee wa ukoo wamekuja. Kondoo amechinjwa, maneno yamesemwa, Baba Ombati ametakaswa kama desturi. Moraa aliitwa. Alituma ujumbe ni mgonjwa. Si mgonjwa. Anaona haya.

Mmoja wa wazee akasema mwanamke anayekimbia barabarani nusu uchi, mwacheni abaki kwao, Ombati atapata mwingine. Nilikuwa nagawa nyama. Nilimwambia, maliza mfupa wako uende nyumbani. Wengine waliangalia chini, nikaona mabega yanacheka.

Jua lilipokaribia kuzama Baba Ombati akanijia jikoni. Siku sita hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Alisimama mlangoni.

"Ukienda kwake, mwambie siku ile nilibeba maji tu."

"Maji?"

"Debe la maji. Lilikuwa zito."

Akaenda kufunga ng'ombe. Akala jioni. Kidogo.

Jumatano, 13 Februari

Nilikwenda asubuhi. Mama yake Moraa alinipokea vizuri, akanipa kigoda, tukachambua maharage pamoja. Hakuna aliyesema jambo. Mabati yamechukuliwa na yule karani, alinieleza, na nikasema alistahili, alikimbia vizuri.

Kisha Moraa akatoka ndani. Amekonda. Akasimama mbali kidogo.

Nikamwambia yote. Kwamba malaria ilimshika kaka yako. Kwamba ni mimi niliyemtuma mzee, na alikubali kugeuka, na nilikuona mstarini nikapunga mkono kama mjinga. Wanasema mama mkwe haombi msamaha kwa mke wa mwanawe. Mimi niliomba, mbele ya mama yake, na maharage mapajani.

Aliangalia chini. Nikampa ujumbe wa mzee kama ulivyo.

"Debe la maji?"

"Amesema debe."

"Lilikuwa zito?"

"Amesema zito."

Aliziba mdomo kwa leso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia, kisha sikuelewa tena. Mama yake akasema ongeza maharage, yatapikwa ya watu wote.

Tulikula. Baada ya chakula akaingia ndani akatoka na mzigo, Kemunto mgongoni. Hakuuliza. Alitangulia.

Njiani nilibaki nyuma. Magoti yangu bado hayajapona. Kwenye mlima wa kupanda kwetu alisimama mara tatu, kila mara anamfunga Kemunto upya, na Kemunto alikuwa amefungwa vizuri. Nilipomfikia alianza tena kutembea, polepole. Niliona. Sikusema.