Maandishi Chini ya Picha

Jumanne, 4 Machi

Nimeyapata! Maandishi yako chini ya picha ya TV, meupe, kila anayesema anaandikwa.

Saa nzima imeishia hapo. Mzee, mume wangu, alikuwa karakanani kwake anavalisha makochi ya watu, mimi nilikuwa na mapumziko. Rimoti ina vitufe vingi kuliko akili yangu. Cha kwanza kiligeuza TV nzima ikawa lugha ambayo hata herufi zake sizijui. Jasho likanitoka. Nikazima, nikawasha. Mipangilio. Kisha sauti — nilidhani yatakuwa huko, si ni mambo ya masikio? Hayapo. Yako chini kabisa, mahali palipoandikwa "Kwa wasiosikia vizuri". Nikatazama mlangoni kabla ya kubonyeza. Mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sikio la kushoto lilianza mwaka jana. La kulia limeanza kulifuata. Sijamwambia mtu. Miaka ishirini na sita ni mkunga. Kazi yangu ni kuweka pembe ya mbao kwenye tumbo la mama, sikio juu yake, na kusikiliza moyo wa mtoto. Mkunga asiyesikia afanye nini? Naogopa hata kuliandika jibu.

Mzee kurudi akauliza mbona TV inaandika. Nikasema kelele za wodi zimenichosha, nataka kusoma tu. Sawa, akasema, ila maandishi yanafunika miguu ya wachezaji. Nikayapunguza. Sasa nayasoma kwa kukunja uso.

Jumatano, 5 Machi

Maandishi yanaandika hata visivyosemwa na mtu. [Simu inaita.] [Mvua inanyesha.] [Mbwa anabweka kwa mbali.]

Simu niliisikia. Mvua, kidogo. Mbwa sikumpata kabisa. Nikaongeza sauti, nikasogeza kiti. Nikamuuliza Mzee kama na yeye anamsikia huyo mbwa. Akasema mbwa gani asiyesikika, katupigia kelele tangu igizo lianze.

Kuna jingine. Maandishi yanaiwahi sauti. Mchekeshaji hajamaliza mzaha wake, mimi nimeshausoma mpaka mwisho na kucheka. Mzee akanitazama. Nikasema hiki kipindi nilishawahi kukiona. Uongo mdogo, lakini sasa ni wa pili ndani ya siku mbili, na bado najipanga kwa wa tatu. Kesho nitacheka akishacheka yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya aibu.

Mama wa mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Mashine ya mapigo ilikuwa chumba cha pili, nikachukua pembe. Nikaweka sikio la kulia. Kimya. Nikahamisha. Kimya. Nikakandamiza zaidi — tu, tu, tu, polepole. Nikahesabu dakika nzima. Themanini na nane.

Mtoto tumboni hatakiwi kushuka chini ya mia na kumi. Themanini na nane ni mtoto anayetuaga. Nikaita daktari. Nikamlaza mama ubavu, nikamwekea oksijeni, chumba cha upasuaji kikaanza kuandaliwa, mama analia anamwita mama yake. Daktari akaja na mashine. Mia arobaini na mbili. Akapima tena. Mia arobaini na mbili.

Mwenzangu wa zamu akanishika kifundo cha mkono, akahesabu. Dada, akasema, umehesabu moyo wako mwenyewe.

Wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Na mimi nikacheka. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ukikandamiza sikio kwenye pembe na husikii kitu, damu yako inaanza kupiga humo humo sikioni, unadhani ni mtoto. Ndiyo maana tunawafundisha wamshike mama mapigo ya mkono huku wakisikiliza, na kama mapigo yanawatia shaka wajishike na wao. Tunawafundisha — yaani mimi ndiye ninayewafundisha! Leo sikumshika mtu.

Yule mama akaniuliza, "Sista, mwanangu ni mzima kweli, au mnanificha?" Nikamwambia ni mzima. Hakuniamini tena. Alimtazama mwenzangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika mara moja halafu nifunge daftari.

Leo niliandika mia na arobaini kwenye fomu ya mama mmoja. Sikusikia kitu. Nilimshika mkono, nikasikiliza kulia, nikasikiliza kushoto, nikasikia mlio wa godoro tu. Ningeita mtu — lakini kuita tena, baada ya Ijumaa? Wangeniuliza. Basi nikatazama saa yangu kwa makini kama ninayehesabu, nikaandika namba nzuri. Mia na arobaini. Hakuna anayeitilia shaka namba hiyo.

Nusu saa baadaye nikaandika nyingine. Mia thelathini na sita, ili zisifanane.

Mtoto akazaliwa saa nane mchana. Kinywa kikafunguka, nikaona analia kabla sijamsikia vizuri. Wa kike, mzito, mzima. Mama yake akanishukuru, akaniambia Mungu akuzidishie. Nikaenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya marobota.

Akina mama wakiona haya kuvua nguo nawaambia kila siku: mficha uchi hazai. Najua kuwaambia wengine.

Jumatano, 12 Machi

Umeme ulikatika, uliporudi maandishi yalikuwa yamefutika. Mzee kakaa karibu, siwezi kuingia kule chini kwenye mipangilio mbele yake. Nikatazama taarifa nzima ya habari. Midomo inacheza, sauti kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nikawa naitikia kwa kichwa. Sijui niliitikia nini.

Akaniuliza kitu. Nikajibu "ndiyo". Akaenda jikoni. Akarudi mikono mitupu. Sijathubutu kuuliza alikuwa ameuliza nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kutoka kazini, TV iko wazi, maandishi yamerudi. Makubwa. Ya njano, nyuma yake ukanda mweusi, yanasomeka hata nikiwa mlango wa jikoni.

Sikuyarudisha mimi. Wala sikujua yanaweza kuwa ya njano.

Mzee alikuwa anatazama mpira. Maandishi yamefunika wachezaji mpaka magotini, hakulalamika. Akasema, "Chakula kipo." Alinigeukia uso mzima alipolisema.

Anajua. Tangu lini? Miaka thelathini ya ndoa, najua akijua jambo anavyonyamaza. Ningekaa pale pale nimwambie. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema nimechoka, nikaja kulala. Nikimwambia yeye litakuwa jambo la kweli, na likiwa la kweli ni lazima Matroni, mkuu wetu wa wodi, naye aambiwe, na Matroni atafungua mafomu yangu.

Kwa hiyo naogopa hata wema wa mume wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yetu kapiga simu. Nikampa Mzee aongee, nikasema mikono ina sabuni. Wanakuja kesho mchana na mumewe. Mimba yake imeingia mwezi wa nane.

Jumapili, 16 Machi

Niko chumbani. Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nimewaambia nafuata saa yenye mshale wa sekunde. Saa iko mkononi mwangu.

Wamefika, tumekula, tumecheka. Mkwe wangu kauliza mbona TV ina maandishi ya bango la barabarani, Mzee akajibu haraka kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Amejibebesha yeye. Nikainama nikakusanya sahani.

Halafu binti yangu akanifuata jikoni. Akasimama upande wa kushoto, nikageuka nimwone mdomo. Alikuwa anasema, "Mama, si kitu kikubwa, ila mtoto tangu jana jioni ametulia mno." Nikamuuliza ametulia vipi. Hajageuka? Hajapiga teke? Akasema labda moja, usiku, hana hakika. Kisha akasema, "Nisikilizie wewe. Ukisema mzima nitaamini, si lazima twende kujipanga foleni huko."

Ningesema pale pale: twendeni hospitali. Mama yeyote mwingine ningemwambia hivyo, bila pembe, bila kupima, mtoto kutulia ni jambo la kwenda. Lakini macho yake! Nikasema lala hapo kwenye kochi, nikachukua pembe yangu ya zamani kabatini.

Mzee akazima sauti ya TV bila kuambiwa. Mkwe akashusha sauti ya simu yake. Nyumba nzima ikanyamaza kwa ajili yangu.

Nilipapasa mgongo wa mtoto, nikaupata, uko kushoto, kichwa chini. Vidole vyangu bado ni vya mkunga. Nikamshika binti mkono. Nikaweka sikio la kulia.

Hakuna kitu.

Nikasogeza. Hakuna. Nikageuza, nikaweka la kushoto, ujinga gani, la kushoto limeshakufa. Nikarudi kulia. Mapigo ya mkono wake niliyapata kwa vidole, themanini na kitu. Damu yangu nikaisikia, naijua sasa. Mtoto — hakuna. Na sijui. Mungu wangu, sijui kama ni sikio au ni mtoto! Kwa mama mwingine ningesema ni sikio, niandike namba, niombe. Huyu ni wangu.

Alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu. Anasema, "Anasemaje?" Nikasema ngoja nifuate saa.

Hiyo ni dakika tano zilizopita. Dakika tano naandika. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza wodini.

Nikitoka naweza kusema mia na arobaini. Mdomo umeshaizoea. Atanikumbatia, watakunywa chai, watarudi kwao. Au niseme twende hospitali sasa hivi. Atauliza kwa nini, umesikia nini? Nikisema sikusikia kitu, atakufa kwa hofu njiani. Ili asife kwa hofu lazima niseme na lile jingine, mbele ya mkwe, kwa sauti, kwamba mama yako hasikii, wala hakumsikia mtoto wa Jumatatu, wala

Nimevaa viatu. Kadi yake ya kliniki iko kwenye mkoba wake, mkoba uko sebuleni. Kufika hospitali ni robo saa kama hakuna foleni ya magari. Nitaanza na "mwanangu". Baada ya hapo sijui.

Kitasa kinazunguka. Kinarudi. Kinazunguka tena, kwa nguvu. Sijui wamebisha mara ngapi.